Nani Alikiondoa Kibao? Wanawake Weusi katika Filamu za Kihistoria

Hotuba hii ilitolewa kwa wanafunzi wa filamu na wapenzi wa sinema kabla ya onesho la jioni. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, walimu, dada na kaka zangu, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa viti: shikamooni, na hamjambo nyote.

Nianze na choo. Wengi wenu mmeiona Hidden Figures, ile filamu ya mwaka 2016 kuhusu wanawake weusi waliopiga hesabu za safari za anga za Marekani katika kituo cha utafiti cha Langley, jimbo la Virginia. Mnamkumbuka Katherine Johnson akikimbia na mafaili kifuani, amevaa viatu vya visigino, mvua inamnyeshea, anavuka eneo zima la ofisi kwa sababu jengo analofanyia kazi halina choo cha watu weusi. Mwisho yanamfika shingoni, analipuka mbele ya wanaume wote wa idara. Kisha mkuu wake, Al Harrison, anashika chuma, anakipiga kibao cha choo cha weusi mpaka kinaanguka. Ukumbini watu hupiga makofi.

Sasa nawauliza: nani alikiondoa kibao?

Jamani, hakuna aliyekiondoa. Al Harrison hakuwahi kuwepo. Ni mhusika aliyeshonwa kutoka kwa wakuu kadhaa wa Langley, kama nguo ya viraka. Na Katherine Johnson wa kweli hakukimbia popote. Tangu alipohamia idara ile mwaka 1953 alitumia choo kilichokuwa karibu naye. Vyoo vya wanawake wa kizungu havikuwa na maandishi. Vya weusi ndivyo vilivyoandikwa. Akaingia, akatoka, akarudi kwenye hesabu zake. Ilipita miaka kabla mtu hajalalamika, na alipolalamikiwa aliendelea kuingia palepale.

Aibu ya choo ilimpata mwenzake, Mary Jackson. Mwaka huohuo wa 1953 alipelekwa kufanya kazi upande wa mashariki wa Langley, akawauliza wanawake wa kizungu aliokuwa nao choo kiko wapi. Wakacheka. Wao wangejuaje choo CHAKE kiko wapi? Mary akatoka pale amefura. Akakutana na mhandisi aitwaye Kazimierz Czarnecki, akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Czarnecki hakuvunja kitu. Alimwambia aje afanye kazi naye kwenye handaki la upepo la kujaribia ndege, lenye upana wa futi 4 kwa 4 na mitambo ya nguvu farasi 60,000. Mary akaenda, na mwaka 1958 akawa mhandisi.

Tazameni basi mapishi ya tukio lile moja. Tusi limetolewa kwa Mary likapewa Katherine. Limetolewa 1953 likapelekwa 1961, mwaka wa hadithi ya filamu. Na dawa yake imewekwa mkononi mwa mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwandishi wa skripti atakuambia ni lazima: ana saa mbili tu, ana wahusika watatu, na mtazamaji anataka kuona kitu kikianguka. Ni kweli. Ila tuulize, kwa nini kikianguka kinaanguka kwa mkono ule?

Maana kipo kibao kilichoondolewa kweli, ndugu zangu, na aliyekiondoa tunamjua kwa jina.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake weusi wa kwanza walioajiriwa Langley walikuwa na meza yao kwenye kantini, huko nyuma kabisa. Juu ya meza palikuwa na kibao cha karatasi ngumu: COLORED COMPUTERS. Kompyuta wakati huo lilikuwa jina la kazi, mtu anayekokotoa, na "colored" lilikuwa neno la kuwaita watu weusi. (Mkilitafsiri neno kwa neno mtapata "kompyuta za rangi", na msomaji atadhani ni tangazo la duka la Kariakoo.) Miriam Mann, msomi wa kemia, mwanamke mwenye umbo dogo, alikula chakula chake cha mchana kila siku kibao kikimtazama usoni. Siku moja akakichukua, akakitumbukiza kwenye mkoba wake, akaenda nacho. Zikapita siku chache, kikawekwa kingine. Nacho akakitia mkobani. Kikaja kingine. Mumewe akamwonya kwamba kazi itamponyoka. Miriam akaendelea kubeba. Mpaka ikafika siku kibao hakikurudi tena.

Nani alikiondoa kibao? Miriam Mann, kwa mkoba. Na kwenye filamu hayumo.

Hebu tukae kidogo na huo mkoba. Mkitaka kujua ubaguzi wa rangi unavyofanya kazi, msimtazame Miriam peke yake. Mtazameni yule wa upande wa pili. Kila kibao kilipopotea, kuna mtu aligundua, akachukua karatasi nyingine, akaandika tena herufi zilezile, akatembea nayo mpaka kwenye meza ile. Pengine hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa kazini. Huyo mwandika vibao ndiye sijamwona kwenye filamu ya kihistoria. Badala yake tunaoneshwa mhandisi Paul Stafford mwenye kununa na msimamizi Vivian Mitchell mwenye kukunja midomo, na hao pia ni wa kutungwa. Mzungu mwema wa kubuni, wazungu wabaya wa kubuni. Kilichokuwa cha kweli, yaani sheria ya Virginia, madaraja ya mishahara, karatasi na kalamu, kimebaki kuwa mandhari tu ya nyuma.

Mnataka mfano wa karatasi? Chukueni Dorothy Vaughan. Filamu nzima tunamwona akidai cheo cha usimamizi, na mwisho anakipata, tunashangilia. Dorothy wa kweli alipewa usimamizi wa kitengo cha wakokotoaji weusi mwaka 1949, zaidi ya miaka 10 kabla ya filamu kuanza! Mwaka 1958 shirika lililokuwa na kituo cha Langley likawa NASA, shirika la anga la Marekani, vitengo vilivyotenganishwa kwa rangi vikavunjwa, na cheo chake kikavunjwa pamoja navyo. Aliomba usimamizi tena; hakupewa, akastaafu mwaka 1971 bila cheo hicho. Mnaona filamu ilivyoigeuza ngazi? Alipanda, na siku ubaguzi ulipoondolewa kwenye karatasi akajikuta ameshuka. Hiyo ndiyo filamu ambayo ningelipia tiketi mara mbili. Lakini ni ngumu kuipigia makofi, kwa sababu hujui umzomee nani.

Na Mary Jackson, baada ya kuwa mhandisi? Alifika ngazi ya mwisho, akaona juu yake hapafunguki. Mwaka 1979 akakubali kushushwa cheo ili ashike ofisi ya kushughulikia ajira na upandishwaji wa wanawake. Hapo ubaguzi wa rangi na wa jinsia umekuwa kamba moja, huwezi kuutenga uzi huu na ule. Filamu inaishia kabla ya hapo.

Nimalizie Langley kwa neno moja. Kabla ya kuruka tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga John Glenn alitaka hesabu za mashine zihakikiwe kwa mkono. Akasema, mleteni "yule msichana". Yule msichana alikuwa Katherine Johnson, mwenye miaka 43 na mabinti watatu. Alizihakiki kwa siku moja na nusu, kwa mashine ya kukokotoa ya mezani, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye filamu ni dakika chache na mbio za korido, kisha Al Harrison anamfungulia mlango wa chumba cha kuongozea chombo. Filamu imelibakiza neno "msichana", hongera zake. Lakini sikilizeni vizuri mtafsiri wa kibanda umiza akifika hapo. Akisema "mwiteni yule mama", amempa heshima ambayo hakupewa, na tusi la kijinsia limefutika kwa wema wa Kiswahili.

Sasa twende Louisiana, kwenye mashamba ya pamba.

12 Years a Slave, filamu ya mwaka 2013, imetokana na kitabu cha mwaka 1853 cha Solomon Northup, mtu mweusi huru aliyetekwa akauzwa utumwani. Sisi Afrika Mashariki tuliishangilia kwa sababu ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyezaliwa Mexico, aliyecheza Patsey, mtumwa mwenzake Northup, na kutwaa Oscar mwezi Machi 2014. Na alistahili, hilo nisikilizwe vizuri. Ninachotaka tukitazame ni kile alichopewa akicheze.

Ukifungua kitabu, Patsey unayemkuta kwanza ni fundi. Northup anatueleza kwamba alijua kuendesha wanyama wa kukokota, alilima mtaro ulionyooka sawa na mkulima bora yeyote, alipasua magogo ya uzio kuliko wengine, aliruka ua mrefu, na hakuna farasi aliyewahi kumtupa chini. Kwenye pamba ndiyo usiseme. Kazi ya kawaida ya siku ilikuwa ratili 200, kama kilo 90. Patsey alichuma 500, kilo zaidi ya 220, na vidole vyake Northup anavifananisha na radi. Anamwita malkia wa shamba.

Kwenye filamu, ratili zimo. Farasi hayumo, jembe halimo, magogo hayamo. Badala yake Patsey anakaa majanini akitengeneza vidoli vya maganda ya mahindi. Vidoli ni vizuri, vinagusa moyo, vinamfanya aonekane mtoto. Lakini vinamfanya aonekane mtoto! Mtu aliyemshinda kila mwanamume shambani amepunguzwa akawa wa kuhurumiwa. Na lile neno "malkia wa shamba", je? Kitabuni ni sifa kutoka kwa mtumwa mwenzake. Kwenye filamu limewekwa mdomoni mwa Epps, bwana wake, anapopima vikapu. Neno ni lilelile. Aliyelitamka amebadilika, na sifa imegeuka kuwa hati ya kumiliki.

Lipo geuzo kubwa zaidi. Usiku mmoja kwenye filamu Patsey anamsihi Solomon amuue, amzamishe majini, amalize mateso yake. Ukumbini watu hulia. Kitabuni aliyemfuata Northup na kumtaka amuue Patsey kwa siri na kumzika pembezoni mwa kinamasi alikuwa mke wa Epps, tena kwa kumwahidi hongo, maana mumewe alikataa kumuuza. Fikirini. Mwanamke mweupe anamlipa mtu amuue mwanamke mweusi kwa kosa la kubakwa na mume wake. Filamu imelitoa tamaa hilo la mauaji kwa mwenye nyumba ikamkabidhi aliyeonewa, kama vile ni wazo lake mwenyewe. Bi Epps bado ni mkatili kwenye filamu, anamrushia Patsey chupa usoni, na kitabuni chupa na vipande vya kuni vilirushwa vilevile. Ila chupa ni hasira ya dakika moja. Hongo ni mpango.

Nisije nikaonekana nimekuja kubomoa tu. Kuna kipande cha sabuni. Patsey amekwenda shamba la jirani siku ya Jumapili kwa sababu Bi Epps amemnyima sabuni ambayo wengine wanapewa. Akirudi anakuta bwana wake amepandwa na wivu. Anainua kile kipande, kidogo kama cha hotelini, anasema anachuma pamba kuliko mwanamume yeyote na anachotaka ni kuwa safi tu. Hapo kazi yake, rangi yake, mwili wake na wivu wa watu wawili juu ya mwili huo vyote vimekaa kwenye kiganja kimoja. Kisha mjeledi. Muongozaji Steve McQueen anaiacha kamera iende dakika kadhaa bila kukata. Ukikata, unampa mtazamaji nafasi ya kupumua. Hakuipa. Na wakati wote huo tunamwona Solomon aliyelazimishwa kupiga, tunamwona Epps, tunamwona Bi Epps kwa nyuma akitaka zaidi. Kamera haimtafuti mwema wa kutuokoa.

Hilo la kamera linanipeleka kwa Sarah Baartman, na hapa nitakwenda haraka maana jambo lenyewe halipendezi kukawiwa.

Mwanamke huyu wa Kikhoikhoi, jamii ya kusini mwa Afrika, alitolewa Cape akaoneshwa mwili wake London mwaka 1810, mtaa wa Piccadilly, kiingilio shilingi mbili. Wapinga utumwa walipeleka shauri mahakamani. Akahojiwa kwa Kidachi, akasema hajalazimishwa, shauri likafa. Akapelekwa Paris, akafariki mwishoni mwa Desemba 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier akaupasua mwili wake, na mifupa ikakaa kwenye jumba la makumbusho hadi miaka ya 1970 watu wakiitazama. Alizikwa Hankey, Afrika Kusini, tarehe 9 Agosti 2002.

Muongozaji Abdellatif Kechiche alitengeneza filamu kumhusu, Vénus noire, mwaka 2010, zaidi ya saa mbili na nusu. Nia yake, naamini, ilikuwa kutuchosha mpaka tuone haya. Maonesho yanarudiwa, tena na tena, kamera ikiukaribia mwili. Swali ninalowaachia wapiga picha mliomo humu: kamera imesimama wapi? Ikisimama kwenye jukwaa ikitazama nyuso za waliolipa shilingi mbili, inawashtaki wao. Ikisimama kwao ikimtazama yeye, nasi tumelipa kiingilio. Filamu ile inahama kati ya sehemu hizo mbili, na kwa maoni yangu inakaa mno upande wa pili.

Na nje ya kamera je? Mwigizaji mweusi Hattie McDaniel alicheza mtumishi katika filamu ya Gone with the Wind. Desemba 1939 filamu ilipozinduliwa Atlanta hakuweza kuhudhuria, kwa sheria za ubaguzi za Georgia. Tarehe 29 Februari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na alitoka kuipokea kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, katika hoteli isiyopokea weusi. Filamu yenyewe iliwaonesha watumwa walioridhika. Jioni ile ya tuzo ilionesha ukweli zaidi kuliko filamu, na hakuna aliyeleta kamera kwa ajili ya hiyo meza.

Sasa kazi ya mikono. Filamu ya kihistoria itazameni mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, lieni, chekeni. Mara ya pili chukueni daftari, pitisheni mstari katikati ya ukurasa. Kushoto, kila mlango unapofunguka au kibao kinapoanguka, andikeni dakika na jina la aliyefanya. Kulia, andikeni mwaka ambao filamu inadai jambo lilitokea. Kisha nendeni kwenye chanzo. Kitabu cha Northup hakina hakimiliki tena, kinapatikana bure. Linganisheni majina, miaka, na ni nani alisema. Mkiona tendo limehama kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mtu mwingine, wekeni duara. Kwa kawaida watu hukosea hapa: wanawinda makosa ya mavazi na magari, wanajaza ukurasa, na mhamo wenyewe unawapita.

Nanyi waandishi wa skripti, msidhani hili ni la Hollywood tu. Mtu akikupa kesho uandike filamu ya Bibi Titi Mohamed, utaanza wapi? Kuna kisa kinachojulikana: mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipokuja Dar es Salaam, aliwauliza viongozi wa TANU sehemu ya wanawake iko wapi. Ni tukio tamu kwa kamera: Mwingereza anauliza, wanaume wanatazamana, Titi anaitwa. Ukilifungulia filamu, umeshampa Hatch chuma cha Al Harrison. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na alichofanya ni kupita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, kimoja baada ya kingine, mpaka wanawake kwa maelfu wakachukua kadi. Mlango kwa mlango, Dar es Salaam ya 1955. Anzia barazani kwa hao wanawake. Hatch anaweza kusikika kwa mbali, dakika ya 20.

Nimeambiwa muda umekwisha. Leo tunatazama Hidden Figures, dakika 127, na naomba wale ambao wameshaiona washike kalamu. Ziko kwenye boksi hapo mlangoni, mzirudishe. Mkiitazama, ikumbukeni ile meza ya nyuma kwenye kantini. Mtu wa taa, tafadhali.